Mama Picha Anajibu: Kaa Kona Moja Mpaka Wakuzoee

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa watu wanaotaka kupiga picha za maisha ya mjini: taksi (zile basi ndogo za abiria), masoko, mafundi, mvua, foleni. Nimechagua chache. Moja imeandikwa na mama aliyepigwa picha bila kuulizwa, na hiyo nawaomba wapiga picha wote msiiruke.

Habari ya kazi, Mama Picha. Naishi Katwe, nasoma chuo, na simu yangu ina kamera nzuri. Nataka kupiga picha za maisha ya kila siku ya Kampala, zile ambazo mtu akizitazama baada ya miaka ishirini atajua tuliishi vipi. Mwezi uliopita niliingia soko la Owino nikampiga picha mama mmoja anayepanga viatu vya mitumba. Sikufika mbali. Vijana watatu walinizunguka, mmoja kashika simu yangu, wanadai elfu hamsini. Nikafuta picha, nikawapa elfu kumi, nikaondoka. Tangu hapo nawapiga watu kwa nyuma, tena kwa mbali. Nifanyeje woga unitoke? – Kijana wa Katwe

Mwanangu, pole kwa elfu kumi. Woga wako usiufukuze wote. Sehemu yake ni adabu, na hiyo utaihitaji.

Kwanza wafikirie waliokuzunguka. Owino, ambalo jina lake rasmi ni Soko la Mtakatifu Balikuddembe, limeungua zaidi ya mara moja, na moto wa Februari 2009 watu bado wanausimulia. Jirani yake kulikuwa na soko la Park Yard, pale ubavuni mwa uwanja wa Nakivubo. Likabomolewa Februari 2017. Mtu aliyewahi kukuta kibanda chake kimegeuka rundo la mbao, akimwona kijana asiyemjua ananyanyua simu, hafikirii sanaa. Anajiuliza: huyu katumwa na nani? Mamlaka ya jiji? Watu wa kodi? Mtu wa kutuanika mtandaoni? Wale vijana walikuwa na tamaa, sikatai. Lakini tamaa yao ilipata nafasi kwa sababu pale hapakuwa na hata mtu mmoja wa kusema, "Mwacheni, huyo namjua."

Basi tafuta mahali ambapo mtu atasema hivyo. Na mahali penyewe ndipo unapolala! Unaamka Katwe, kelele za nyundo zinakuamsha, halafu unapanda taksi kwenda kutafuta maisha ya Kampala kwa watu wengine. Katwe inatengeneza sigiri, sufuria, mageti, mashine za bisi, vikaango vya chapati vya nusu ya mji huu. Chagua kona moja, mafundi wanne watano wanaogawana kivuli kimoja, ukae hapo mpaka wachoke kukutazama.

Siku za mwanzo simu ibaki mfukoni. Nunua kitu, hata kama ni kijiko cha kukorogea uji. Msalimie mkubwa wa pale kabla ya wengine, maana kila kona ina mkubwa wake hata kama hakuandikwa popote. Mwambie kwa maneno machache: "Mzee, napiga picha za kazi za mikono za Katwe. Nitakuwa napita hapa kila Jumanne asubuhi, na picha nitawaletea." Kisha uje Jumanne. Na Jumanne inayofuata, hata kama mvua imenyesha na matope yako magotini.

Neno dogo kuhusu lugha, kwa sababu wewe na mimi tunaongea Kiswahili na tuko Kampala. Wapo wazee mjini hapa ambao masikio yao bado yanakumbuka Kiswahili cha vizuizi vya barabarani, cha miaka ya sabini na themanini, kilichokuja na mtutu wa bunduki. Usimwanze mtu kama huyo kwa "Hebu simama hapo." Anza na "Mwasuze mutya, ssebo," ngoja aijibu salamu mpaka iishe (salamu ya Kiganda haikatizwi njiani), ndipo uhamie lugha mnayoelewana wote. Pale Katwe wapo mafundi waliotoka Congo, Kenya na Arua. Hao wakisikia Kiswahili watakuvutia kiti.

Sasa picha yenyewe. Fundi wa sigiri anakata pipa kwa patasi na nyundo. Mkono wa kushoto umeshika patasi, vidole viko chini kidogo tu ya pale nyundo inapotua, na yeye haitazami nyundo hata mara moja. Macho yako kwenye mstari wa chaki. Wapiga picha wengi hubonyeza nyundo ikiwa juu kabisa, kwa sababu inaonekana kama vita. Mimi napenda pale nyundo imeshatua, bati limefunguka ulimi mdogo unaong'aa, na fundi anapuliza vumbi aone kama hakutoka nje ya chaki. Hapo utaona uso wa mtu anayefikiri. Chuchumaa uwe sawa na macho yake, maana mtu aliyeinamia kazi ukimpiga ukiwa umesimama utapata utosi. Sogea kwa miguu, usivute picha kwa vidole. Kwenye simu nyingi kule kuvuta ni kukata picha tu, na ukiisafisha inatoka chenga. Halafu tazama kilicho nyuma yake kabla ya kubonyeza. Mrundo wa sigiri zilizopakwa rangi ya fedha unaeleza mahali. Gari jeupe lililoegeshwa halielezi kitu, na unaweza kuliondoa kwa kusogea hatua moja kulia.

Ukipata picha inayomheshimu, ipeleke studio isafishwe kwa ukubwa wa postikadi. Bei yake haifiki ya rolex moja, chapati yetu iliyoviringishiwa mayai. Wapigapicha wa siku hizi hawapendi kusikia hivi, wanadhani kumtumia mtu picha kwa WhatsApp kunatosha. Kunamtosha mwenye simu. Mpe fundi karatasi uone: atafuta mikono kwenye ovaroli kabla ya kuipokea, ataitazama kimya, halafu ataita wenzake, nao watalalamika mbona wao hawamo. Kuanzia hapo wewe ni "yule wa picha", na hicho ndicho kitambulisho pekee mtaani kisichoisha muda.

Na wale vijana wa Owino je? Kwenye soko lililobana omba kwanza, piga baadaye. Barabarani, watu wanapopita, piga, na macho yenu yakikutana tabasamu, geuza simu umwonyeshe. Akisema futa, futa mbele yake, bila hotuba. Hela ya kupigwa picha usitoe. Ukitoa leo, kesho kila mpiga picha anayekufuata atadaiwa. Nunua nyanya, nunua soksi, kaa unywe chai. Na hii habari ya migongo uiache. Mgongo wa mtu ukiwa na sababu ni sawa, mfano mchukuzi wa Kikuubo, kule kwenye maduka ya jumla, aliyebeba maboksi yakamfunika kichwa. Lakini migongo thelathini mfululizo inanieleza habari zako wewe tu, kwamba uliogopa.

Shikamoo Mama. Mimi ni dereva wa boda hapa Jinja. Nimeweka akiba milioni moja na nusu. Ninunue kamera gani nianze kupiga picha za mtaani? – Steji ya Main Street

Marahaba, baba. Kwa hela hiyo utapata kamera iliyotumika, yenye lenzi yake ya milimita 18–55, na chenji ikabaki. Aina usiisumbukie sana. Canon au Nikon, zote zinapiga. Sumbukia hali yake. Washa tochi ya simu, imulike ndani ya lenzi kutokea upande wa nyuma: ukiona nyuzinyuzi kama utando, hiyo ni kuvu. Kwa unyevu wa ziwani hapa kwetu kuvu inapenda lenzi kuliko inavyopenda mkate. Iache dukani. Jaribu kila kitufe, piga picha ya ukuta mweupe uone kama kuna madoa, muulize muuzaji chaja iko wapi.

Ukishaipata, nitakupa mpangilio mmoja utakaokufaa mpaka uuchoke. Lenzi iweke milimita 24, tundu lake la mwanga f/8, zima fokasi ya yenyewe, fokasi uiweke mita tatu kwa mkono. Hapo kila kitu kuanzia karibu mita moja na robo tatu mbele yako mpaka zaidi ya mita kumi kitakuwa safi. Huna haja ya kungoja kamera itafute. Kasi ya shata isishuke chini ya 1/250 ya sekunde kwa watu wanaotembea. Pikipiki inataka 1/500. Jua kali likiwa linawaka, ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) ya 200 inatosha. Chini ya baraza panda 800. Kama fokasi haishiki vizuri kwa mkono, iache kamera imfokasie mtu aliye umbali wa hatua nne, kisha zima fokasi ya yenyewe.

Lakini tazama ulichonacho ambacho mwanafunzi wa chuo hana. Wewe uko stejini kutwa. Unamjua anayekuja kununua gazeti, anayekopa, anayegombana na mkewe kwenye simu. Main Street ya Jinja ina yale majengo ya Wahindi yenye mwaka wa kujengwa umeandikwa juu kabisa, yaliyobadilisha wenyewe baada ya Amin kuwafukuza Wahindi mwaka 1972, na chini yake leo kuna duka la simu na kinyozi. Wewe unayaona asubuhi, mchana, wakati wa mvua. Marehemu Santu Mofokeng wa Afrika Kusini alipiga picha zake zinazosifiwa sana ndani ya treni ya kutoka Soweto kwenda Johannesburg, mwaka 1986, abiria wakisali na kuimba huku treni inakwenda. Hakwenda kuwatembelea. Alikuwa abiria wa treni hiyohiyo, anakwenda kazini. Steji yako ndiyo treni yako.

Ukiendesha, kamera iwe begani imefungwa. Sitaki barua ya mkeo.

Mama Picha, mimi ni mwalimu, Mbale. Nikipiga picha mchana nyuso zinakuwa nyeusi tii, hasa wazee waliovaa kanzu. Kanzu inaonekana, mzee haonekani. Kamera yangu mbovu? – Mwalimu

Kamera ni nzima, Mwalimu, ila haijui kwamba unampenda mzee kuliko kanzu. Inaona weupe mwingi, inadhani mahali pana mwanga wa kupita kiasi, inapunguza. Kilichopunguzwa kinaanzia kwenye uso wa mtu mweusi. Tena jua letu linatoka juu kabisa. Tuko karibu mno na ikweta, na mwezi wa tatu na wa tisa, kati ya saa sita na saa saba mchana, linasimama utosini. Macho yanaingia pangoni, na akivaa kofia umempoteza.

Kwenye simu, gusa uso wake kwenye kioo, ushikilie mpaka alama ya fokasi ijifunge, halafu telezesha kidole kupandisha mwanga. Kwenye kamera tafuta kile kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, ongeza moja. Kanzu itaungua kidogo. Iache iungue. Ukimpiga mtoto wa shule mwenye shati la bluu hutahitaji kufanya hivyo.

Ila dawa ya kweli ni kumhamisha mzee, au kuhama wewe. Ukingo wa baraza la duka lolote la mjini una mwanga mtamu kuliko studio yangu ya zamani: jua linapiga lami au vumbi la nje, linarudi juu taratibu, linaingia machoni. Mtu asimame hatua moja ndani ya kivuli, uso utazame barabarani. Miavuli mikubwa ya wauza muda wa maongezi nayo ni mizuri, ila jihadhari na rangi yake. Chini ya mwavuli mwekundu kila mtu ana homa, chini ya wa njano kila mtu ana ugonjwa wa ini.

Saa zangu mimi ni kuanzia saa moja hadi saa tatu asubuhi, na kuanzia saa kumi na nusu mpaka giza. Giza letu halichelewi. Jua likigusa kilima, hesabu kama nusu saa hivi na umebaki na taa. Usiende nyumbani lakini. Hapo ndipo kibanda cha rolex kinapowaka: balbu moja inaning'inia, mvuke wa mayai unapanda, wateja wamesimama duara na nyuso zote zimepata mwanga kutokea chini. Pandisha ISO mpaka 3200, kasi 1/60, egemea nguzo, pumua nje, bonyeza. Chenga zitakuwepo, wala hazidhuru.

Na mvua. Wengi wanakimbilia ndani mvua ikianza, na mimi ndipo ninapotoka. Funga kamera kwenye mfuko wa nailoni, toboa tundu la lenzi. Mvua inawapanga watu bila kuwaambia: wasiojuana wanabanana barazani, mwenye suti na mchukuzi bega kwa bega, wote wanatazama upande mmoja. Baada ya mvua lami inakuwa kioo.

(Msinitumie tena picha za korongo wa jalalani. Ninazo za kutosha, na ndege mwenyewe anajua anapendeza.)

Mama, nilikuwa napiga picha ya barabara, nje ya jengo moja mjini. Askari akaja, akasema ni marufuku, akataka kuchukua kamera. Sheria inasemaje? – Msomaji, Wandegeya

Sijui sheria yoyote inayomkataza mtu kupiga picha barabarani mahali pa wazi, na Ibara ya 29 ya Katiba yetu inalinda uhuru wa kujieleza. Ibara ya 27 nayo inalinda faragha ya mtu na nyumba yake. Kazi yako inapita katikati ya hizo mbili.

Huo ni upande wa karatasi. Upande wa barabarani ni huu: kambi za jeshi, vituo vya polisi, magereza, Ikulu, usizielekezee kamera, hata kama unafuata mpapai uliochanua getini. Kule Jinja, bwawa la Nalubaale lililofunguliwa mwaka 1954 linalindwa na askari wenye silaha na kamera haitakiwi. Usibishane nao kuhusu uzuri wa maji. Ndani ya duka kubwa, benki au hospitali, mwenye nyumba ana haki ya kukukataza. Aliyekusimamisha nje alikuwa na hofu na jengo lake, pengine alishaonywa kazini. Mpe jina lako, mwonyeshe picha, mwambie unarekodi maisha ya mtaa. Anayeficha kamera haraka ndiye anayeonekana ana la kuficha. Wanaonijua wananiona nimeivaa shingoni mchana kweupe.

Maandamano na vurugu za kisiasa ni kazi nyingine kabisa. Inataka chombo cha habari nyuma yako, kitambulisho, mwenzako anayejua uko wapi. Anayejifunza asianzie huko.

Mama Picha, mimi sipigi picha. Nauza nyanya na vitunguu soko la Kalerwe. Mwaka jana msichana mmoja mpole alinipiga picha, akasema ni ya shule. Baadaye binti yangu akaniona kwenye tangazo la biashara, nimekaa na nyanya zangu, na maneno ambayo sikuyasema yameandikwa pembeni. Watu sokoni wanasema nimelipwa mamilioni. Sikupata hata mia. Nina haki gani? – Mama wa Kalerwe

Mama, asante kwa kuandika. Haki unayo. Kupigwa picha ukiwa sokoni ni jambo moja. Sura yako kutumika kuuza bidhaa ni jambo jingine. Mahakama Kuu ya Uganda imeshatoa hukumu ya fidia kwa mtu ambaye picha yake ilitumiwa kwenye matangazo bila idhini yake. Tena tuna Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, inayotaka mtu aridhie taarifa zake zinapokusanywa na aelezwe zitatumika kwa nini. Mwambie binti yako alipige picha hilo tangazo likiwa ukutani, na siku na mahali viandikwe. Kisha mtafute wakili, au uulize ofisi za msaada wa kisheria, maana zipo zinazosikiliza bila malipo. Muandikieni mwenye tangazo barua. Usiende kupiga kelele getini kwao kabla ya barua.

Sasa nawageukia wapiga picha, hasa wewe msichana mpole popote ulipo. Ulisema ni ya shule. Labda ilikuwa ya shule kweli, ukaiweka mtandaoni, mwingine akaichukua. Labda uliiuza. Kwa Mama wa Kalerwe vyote ni kimoja. Ukimwambia mtu picha ni ya kazi fulani, hiyo ni ahadi. Mtu wa tangazo akikupigia simu, unarudi Kalerwe, unakaa kwenye kile kiti cha plastiki, unamweleza, mnaandikiana, na hela mnagawana.

Kuhusu watoto: muulize mzazi, na asipokuwepo muulize mwalimu, au mwenye duka anayewalinda. Watoto wa mtaani wa Kisenyi wanaovuta mafuta ya ndege kwenye kitambaa mnawapiga sana. Najua picha zile zinashinda mashindano. Mimi ukurasa huu siziweki. Mtoto yule atakua, na uso wake utakuwa hapo daima na kitambaa puani. Kama unataka kueleza habari ya Kisenyi, pale pana mashine za kukoboa, kuna Wasomali wenye maduka, kuna mama anayepika anjera, kuna magari yanayopakiwa usiku. Mtoto huyohuyo anacheza mpira wa majani ya migomba jioni, na anacheza vizuri.

Kipimo changu ni chepesi: ningeweza kumpelekea picha hii nyumbani kwake, mama yake akiwepo? Kama siwezi, naifuta.

Salaam Mama. Nimepiga picha za Kampala tangu 2018, taksi hasa. Nimejaza simu mbili na kompyuta. Nikizitazama zote zinafanana na nimeanza kuchoka. Nifanye nini nazo? – Konda Mstaafu, Nateete

Konda, umekaa kwenye dhahabu. Ulianza kabla stendi ya Old Taxi Park haijafungwa mwaka 2020 kwa matengenezo. Umepiga vumbi la zamani na mashimo yake, umepiga wachuuzi wa barabarani kabla hawajaondolewa Januari 2022. Nani mwingine anazo, kwa jicho la aliyekuwa anadai nauli?

Nikupe mfano wa hapa kwetu. Mwaka 2015, kwenye shirika la utangazaji la taifa, UBC, kabati lilifunguliwa likakutwa na negativu (filamu zilizokwishapigwa) za wapiga picha wa Wizara ya Habari, nyingi za miaka ya Idi Amin. Zinakadiriwa elfu sabini. Mwaka 2019 baadhi yake zikatundikwa Makumbusho ya Uganda, pale Kira Road, na watu wakaja kuzitazama, wengine wakitafuta ndugu zao. Wale wapiga picha walitumwa na serikali, kwa hiyo utaona mikutano na sherehe, na mateso hutayaona. Hilo tulijue tunapotazama. Lakini walifanya kitu kimoja ambacho wewe hujafanya: negativu ziliwekwa kwenye bahasha, na juu ya bahasha pakaandikwa tarehe na tukio. Bila mwandiko ule, leo zingekuwa vipande vya filamu vyenye watu wasiojulikana.

Kwa hiyo anza na kalamu. Chukua picha za mwezi mmoja tu, usiguse nyingine. Kila unayoipenda iandikie mstari: mahali, siku, saa, mtu anafanya nini, na bei ya kitu kimoja kinachoonekana. Bei usiisahau. "Old Taxi Park, upande wa taksi za Masaka, Ijumaa jioni, Agosti 2018. Konda anapanga mizigo ya abiria, mvua inakaribia." Kisha nauli ya siku ile, kama unaikumbuka, na nina hakika unaikumbuka. Jina la mtu liandike kwenye daftari lako kama alikupa, lakini la kutoa hadharani ni mpaka akubali.

Ukishaandika, utaona kwamba hazifanani. Zilikuwa zinafanana kwa sababu ulizitazama kwenye kioo cha simu, zote ndogo, zote zinapita. Safisha thelathini kwa bei rahisi, zitandaze sakafuni, mwite mkeo au mtoto apite kati yake bila maelezo. Angalia anasimama wapi. Zinazorudia jambo lilelile toa, baki na moja. Ukifika kumi na mbili au kumi na tano ambazo hakuna inayofanya kazi ya mwenzake, nitumie mimi hapa, na maelezo yake. Nitazitazama kabla ya toleo la mwezi ujao.

Simu mbili na kompyuta zikiwa nyumba moja ni nakala moja tu, Konda. Moto ukija unachukua zote, na mwizi naye hachagui. Nunua diski ya nje, weka kila kitu kwa mwaka na mwezi, uipeleke kwa ndugu anayekaa mbali na Nateete. Na ule uchovu wako unatokana na kupiga taksi kutokea nje. Omba lifti kwa konda mwenzako, ukae kiti cha nyuma kabisa, upige mikono inayopitisha nauli mbele.